Posa ya Lori Lisilopumua

Nyumbani kwetu Garissa tulikuwa na lugha mbili. Kisomali kilikuwa cha ngamia, cha dua, cha mapenzi na cha kutukanana. Kiswahili kilikuwa cha ofisini, cha shuleni na cha magari. Mafundi wote waliofungua gereji kando ya barabara walitoka Kenya, maana hivyo ndivyo tulivyoita kila kilichokuwa ng'ambo ya daraja la Tana, kana kwamba sisi tulikuwa tunaishi mwezini. Walikuja na spana zao na maneno yao. Wazee wetu, ambao wangeweza kukutajia nasaba ya ngamia mpaka nyanya wa nyanya yake, wakajifunza kusema ringi, gasketi na krenki kwa Kiswahili kilichopita kwenye mdomo wa Kisomali. P ikawa b, v ikawa f, na ngeli ziliachwa hapo hapo darajani.

Bingwa wa lugha hiyo alikuwa adeer wangu, yaani ndugu mdogo wa baba. Ujanani aliwahi kuwa taniboi wa lori la mifugo, na kazi yake kubwa ilikuwa kukaa juu pamoja na mbuzi na kushuka kuweka jiwe nyuma ya gurudumu lori likisimama kwenye mteremko. Kutokana na jiwe hilo alipata elimu ya ufundi ambayo hakuwahi kuitilia shaka. Gari likiharibika mjini aliitwa, na asipoitwa alijiita. Alifika na ndevu zake nyekundu za hina, akapinda kiuno, akasikiliza, kisha akatoa hukumu. Hukumu zilikuwa mbili tu. "Hii inabumua," au, "Hii haibumui."

Asiyejua mambo ya gereji atadhani kupumua ni sifa. Kwa mafundi ni tusi. Ndani ya injini mlipuko unaisukuma pistoni iende chini, na ringi zimevishwa pistoni ili moshi usipite. Lakini hakuna ringi inayoziba kabisa. Kila mlipuko unapotokea, moshi kidogo huponyoka pembeni na kushuka kwenye chumba cha krenki, kule kunakokaa oili. Moshi huo lazima upate pa kutokea, ndiyo maana kuna bomba dogo, bomba la pumzi, ambalo katika malori ya zamani lilining'inia chini ya injini likielekea ardhini. Injini changa hutoa humo mvuke mwembamba usioonekana. Injini iliyochoka, ambayo ringi zake zimelika, hutoa moshi wa kukohoa unaonuka oili, na hapo fundi hutikisa kichwa na kusema inapumua.

Kwa hiyo kila injini hupumua, nzuri na mbaya, tofauti ni kiasi. Injini isiyopumua kabisa si mpya, bali ni injini iliyozibwa. Hilo la mwisho adeer hakulijua, na mji nao haukulijua, kwa sababu mji ulikuwa unamuuliza yeye.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nimepata nafasi katika chuo cha ualimu. Nilikuwa nimeshonewa sketi na nimenunuliwa sanduku la bati, na kila asubuhi nililifungua na kulifunga bila sababu yoyote. Sijawahi kutaka kitu maishani kama nilivyotaka kwenda kule. Kabla chuo hakijafunguliwa, akaja mwenye lori.

Mwenye lori alikuwa mtu wa Habaswein. Alibeba unga na mafuta ya kupikia mpaka Dagahaley, kwenye kambi ya wakimbizi, na wakati wa kurudi alibeba chochote kilichokubali kubebwa. Alikuwa na mke Habaswein, ambaye alitajwa katika mazungumzo ya posa kwa sauti ile ile iliyotumika kutaja gurudumu la spea. Daima alikuwa na mswaki mdomoni, kile kijiti cha mti tunachotafuna kusafishia meno. Aliongea nacho, alicheka nacho, na nina hakika alilala nacho. Hadi wakati huo sikuwa nimeuona uso wake bila kijiti.

Baba yangu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mfanyabiashara wa mbuzi aliyechoka kubembeleza wenye malori, na alikuwa na ndoto ya siku moja kusema "lori letu" mbele ya watu. Mimi nilikuwa binti yake na alinipenda. Lakini lori lilikuwa lori.

Nilimwambia sitaki. Nilimwambia wakati wa chai, kwa adabu: "Aabo, mtu huyu simtaki. Nataka kwenda chuo." Baba akacheka kwa upole, akamgeukia mama, akasema haya inanisumbua. Katika dini yetu binti lazima aulizwe, na yule anayeshikwa na haya akanyamaza, kimya chake huhesabiwa kuwa ni ridhaa. Ni kanuni yenye huruma kwa msichana mwenye haya. Ila haikumtarajia baba yangu, mtu aliyeweza kusikiliza sentensi nzima na kuihesabu kuwa ni kimya.

Nikaenda kwa adeer. Kwetu mkubwa humwita mtoto kwa cheo chake yeye mkubwa: adeer humwita adeer, baba humwita aabo, mama humwita hooyo. Akaniambia, "Adeer, msichana akisema hapana mara ya kwanza, hiyo ni salamu." Nilirudia siku iliyofuata nikiwa katikati ya ua na sufuria mkononi, na sauti ilipanda mpaka mke wa jirani akaja kuuliza nani amefariki. Wazee waliokuwa wameketi barazani na baba walilijadili jambo hilo kwa utulivu. Wakakubaliana kwamba nina mapafu mazuri na kwamba nitafaa kuita mbuzi.

Mama aliuza maziwa ya ngamia sokoni na hakuwa mtu wa maneno mengi. Alinishika bega akasema, "Hooyo, tulia. Weka chai motoni." Nilimkasirikia kuliko wote. Nilidhani naye ameshalipanda lori.

Baba, kwa kuwa alikuwa mtu makini, aliweka sharti. Hatatoa neno mpaka mali ikaguliwe. Msomaji asidhani walikwenda Habaswein kumuuliza yule mke anaishije na mume wake. Walichotaka kujua ni kama injini inapumua. Adeer alilitangaza sharti hilo mbele ya mwenye lori mwenyewe, kidole kikiwa hewani: "Sisi gari ya kubumua hatutaki. Ikibumua hata kidogo, rudi nayo kwenu."

Ijumaa baada ya swala, lori likaja. Lilikuwa limeoshwa mtoni mpaka rangi yake ya bluu, ambayo hakuna aliyejua kuwa ipo, ikaonekana. Wazee walikuwa wamevaa kanzu nyeupe na mashali mabegani. Sisi wanawake tulikuwa upande wa jikoni, chini ya kivuli cha makuti, na ua nilikuwa nimeufagia mwenyewe alfajiri, mchanga una mistari ya ufagio. Mwenye lori akashuka akitabasamu. Kwa mara ya kwanza hakuwa na mswaki mdomoni. Niliona jambo hilo kwa sababu nilikuwa nimeshauzoea kama pua yake, lakini sikulifikiria zaidi. Nilikuwa na mengine ya kufikiria.

Adeer akatandikiwa mkeka chini ya lori ili asichafue kikoi. Akapiga magoti, akanyoosha mkono mpaka kwenye mdomo wa lile bomba la pumzi, akaukinga kwa kiganja.

"Kanyaga," akasema.

Mwenye lori akakanyaga mafuta. Injini ikanguruma, mbuzi wa jirani wakakimbia, na adeer akabaki pale ametulia, amefumba macho kama daktari anayepima mshipa wa mgonjwa. Akatoa kiganja, akakinusa, akakionyesha kwa wazee. Kilikuwa kikavu.

"Wallahi haibumui," akasema. "Haibumui hata kidogo. Hii injini ni fizuri sana. Ni kama imetoka kwa karatasi leo."

Wazee wakasema mashallah. Uso wa baba ukang'aa hivi kwamba nilimwonea huruma na kumchukia kwa pamoja. Mpaka wakati huo nilikuwa na hasira tu, na hasira ina joto lake la kukuweka wima, lakini kile kiganja kikavu kilinitia hofu. Nililiwaza sanduku langu la bati na nikajua nitaweka sufuria humo.

Wakaenda kulijaribu barabarani, baba na adeer kabini, wazee wengine nyuma wamesimama na mashali yakipepea. Walifika darajani wakarudi. Ilikuwa safari fupi, ila waliporudi baba alishuka akimwita mwenye lori "mwanangu". Injini ilikuwa bado inanguruma, na mwenye lori aliupeleka mkono kwenye ufunguo kuizima, lakini kila alipojaribu mzee mmoja alimwambia aiache wasikie sauti. Jasho lilikuwa linamtoka. Tulidhani ni furaha.

Baba akainua mikono. Wazee wakainua mikono. Kwetu Fatiha ikishasomwa juu ya jambo, jambo limekwisha, na mtu anayelivunja anavunja watu wengi sana. Nilikuwa nimesimama na birika la chai na sikuwa na hapana nyingine ya kusema, zote nilikuwa nimezitumia.

Hapo mama akasema. Hakutoka kivulini wala hakupandisha sauti.

"Shemeji, wewe umeshika bomba tu. Injini yenyewe hujaiona. Au hiyo nayo inafunikwa kama bibi arusi?"

Wanaume wakacheka, na adeer akacheka nao, lakini ndevu zilimcheza. Hakuna kitu kilichomuuma kama kuambiwa kuna mahali hajapaangalia. Lori lilikuwa la aina ile ambayo injini imo kabini kwenyewe, katikati ya viti viwili, chini ya kifuniko cha bati kilichowekewa godoro. Adeer akapanda.

"Ni moto, adeer," mwenye lori akasema haraka. "Utaungua. Wacha ibumzike kwanza."

"Mimi nimelala juu ya injini ukiwa bado unanyonya," adeer akamjibu. Akatupa godoro nje, akainua kifuniko, akainama na taa ya ndevu zake juu ya injini. Baba naye, asipitwe na mali yake, akaingiza kichwa dirishani. "Kanyaga."

Mwenye lori akakanyaga kidogo, kwa ncha ya kiatu.

"Kanyaga na mguu ya mwanaume."

Akakanyaga.

Kilichotoka kwanza ni kijiti cha kupimia oili. Kiliruka kutoka mahali pake kikagonga bati la paa, na mlio wake tuliusikia mpaka jikoni. Kilichofuata ni oili. Ule moshi wote uliokuwa umekaa ndani tangu asubuhi ukitafuta mlango uliuona mlango, na ukatoka na kila kilichokuwa njiani. Ulitoka kwa kishindo, mweusi na wa moto, ukampata adeer akiwa amefungua kinywa kutoa hukumu. Alitoka kabini kinyumenyume, akakanyaga hewa, akakaa chini. Ndevu zilizokuwa nyekundu zilikuwa nyeusi kama za kijana. Baba alipata mgao wake upande mmoja wa uso, na wazee waliosimama karibu na mlango wakapata kwenye kanzu. Chini ya lori nako sili, ule mpira unaozuia oili isivuje, ilikuwa imekubali yaishe. Oili ilikuwa inachuruzika juu ya mchanga wangu uliofagiwa.

Mwenye lori akazima injini. Kimya kikatanda na hakuna aliyekihesabu kuwa ni ridhaa.

Adeer akajifuta macho kwa shali, akaingia chini ya lori tena, safari hii bila mkeka. Akachokora kwenye bomba la pumzi, akavuta, akatoka na kitu mkononi. Ulikuwa mswaki, mnene kuliko wa kawaida, umechongwa kwa kisu ukae sawasawa ndani ya bomba. Ncha yake ilikuwa imetafunwa ikawa laini ili izibe vizuri, na alama za meno zilionekana.

"Mashallah," mama akasema kutoka jikoni. "Hata gari lake linapiga mswaki."

Hapo nilicheka mpaka birika likanimwagikia mguuni. Sikuwa nimecheka tangu mtu yule alipokuja mara ya kwanza.

Mwenye lori alijitetea, na lazima niwe mkweli, utetezi wake ulikuwa na akili kuliko mashtaka. "Ilikuwa inabumua kidogo tu," akasema. "Nyinyi mlisema hata kidogo hamtaki. Mimi nimeleta ile mlisema." Waliomba injini isiyopumua, akawaletea injini isiyopumua. Hakuna duniani injini ya namna hiyo isipokuwa kwa kuziba, na walioweka sharti ndio waliotangulia kuizibia njia. Lakini hayo ni mawazo yangu ya leo. Siku ile nilitamani tu apotee na lori lake, na alipotea, akiacha michirizi ya oili kutoka kwetu mpaka barabara kuu.

Baba alikalia kigoda, nusu ya uso nyeusi, akatamka kwa uzito mkubwa: "Mtu anayeziba bomba la gari lake, nyumbani ataziba nini?" Wazee wakaguna kwa kukubali. Nami nilimtazama. Lilikuwa swali zuri sana, na lilikuwa linatafuta mtu wa kumuuliza katika ua ule ule.

Akaniita. "Aabo, umeona? Nimekuokoa."

"Nilikwambia simtaki," nikasema.

Akanikodolea jicho lake moja safi. "Kumbe ulijua habari ya bomba? Mbona hukusema?"

Nilikuwa nimesema kwa Kisomali safi, kwa adabu na kwa kelele, na nikaonekana nina haya. Lori lilitema oili mara moja, na wazee wote wakaelewa.

Mama ndiye aliyemsafisha baba, kwa mafuta ya taa kwanza kisha kwa sabuni. Sabuni ilipokuwa imeshamjaa machoni, alisimama na kopo la maji mkononi na hakulimwaga. Akasema chuo kinafunguliwa juma lijalo, na kwamba itakuwa vizuri mtoto asome kwanza wakati yeye anatafuta injini nyingine. Baba akasema mwaga maji. Mama akasema anasubiri jibu. Baba akasema haya, aende, mwaga maji. Mama akamwaga.

Nilikwenda na sanduku langu. Adeer naye alikwenda kwenye vibanda vya chai na habari yake, na kwa miaka iliyofuata aliisimulia kila mahali, jinsi alivyomshuku yule mtu tangu mwanzo na jinsi alivyoamuru kifuniko kifunguliwe. Katika masimulizi yake mama hakuwepo. Mimi nilikuwepo mwishoni kidogo, kama mzigo uliookolewa. Niliporudi likizo na kuyasikia, nilisaga meno nikanywa chai yangu.

Miaka ya tisini ilikuwa inakaribia kwisha, nami nafundisha, alipokuja mwalimu mwenzangu kuniposa. Alikuja kwa basi, vumbi mpaka kwenye nyusi, hana hata baiskeli ya kukaguliwa. Nilikuwa namtaka. Wazee walikaa barazani na mimi nyuma ya pazia pamoja na mama, na baba akauliza kwa sauti, kama inavyotakiwa, kama nimekubali.

Nami, mwenye mapafu ya kuita mbuzi, nilinyamaza. Haya ilinishika kweli, ile ya vitabuni, na sikuamini kwamba ni mimi. Baba alisubiri kidogo. "Kimya ni ridhaa," akasema, "alhamdulillahi," na nikasikia mikono ikiinuliwa.

"Ngojeni," akasema adeer. Alikuwa amezeeka, na kwenye magari alikuwa akisimama mbali na vifuniko. Akalisema kwa Kiswahili, kwa sababu lilikuwa jambo la ufundi. "Kitu haibumui kabisa, mimi naogoba. Wacha msichana abumue."

Baba akaguna. Mtu mmoja akacheka. Adeer hakucheka.

"Ndiyo," nikasema.

"Sijasikia, adeer."

Basi nikalirudia, kwa hasira ile ile ya siku ya sufuria, mpaka mke wa jirani akatoka nje. Nikasikia adeer anawaambia wazee kwamba sasa wanaweza kusoma Fatiha.